Katika Kutafuta Asili ya Milio ya Pikapu

Mtu aliyekaa Bondeni, hapa Nakuru, miaka ya kutosha hahitaji kuchungulia dirishani alfajiri ili ajue ni nani anayetoka. Baada ya adhana huanza pikapu, moja ikielekea Molo kwa viazi, nyingine Subukia kwa mboga, nyingine Njoro kwa maziwa, na kila moja ina mlio wake uliozoeleka mtaani, hata watoto huwaambia mama zao kwamba baba fulani amekwisha pita kabla gari lake halijafika kwenye kona. Mlio huo wa kila siku si maradhi. Maradhi ni ule uliozuka jana, ambao juzi haukuwapo, na ambao mwenye gari huanza kwa kuukana, kisha akaongeza sauti ya redio, na hatimaye, akishindwa na wasiwasi, akalipeleka gari kwa fundi na kumwambia maneno mawili tu: "Gari linalia."

Kwa maneno hayo mawili watu wengi wamepoteza fedha nyingi, nami ni mmoja wao, na habari yangu nitaisimulia mahali pake. Fundi aliyeambiwa kwamba gari linalia, asiambiwe linalia lini, hana budi abahatishe. Na kwa kuwa ana haya ya kusema kwamba hajui, na nyumbani ana watoto wa kulisha, aghalabu hutaja kile kile alichokibadilisha katika gari la mwisho lililolia mbele yake. Simlaumu yeye kwanza. Astahikiye lawama ni mwenye gari, kwa maana ndiye aliyeishi na mlio huo wiki mbili katika kabini moja, akala nao barabara mchana na usiku, na bado hakuutazama kwa makini kiasi cha kuweza kuutolea ushahidi.

Basi swali la kwanza lisiwe "wapi", liwe "lini". Mahali katika gari hudanganya. Fremu ya pikapu ni pau mbili ndefu za chuma zilizotandazwa tangu bampa hata bampa, na sauti hupita ndani yake kama habari ya msiba ipitavyo mtaani: hufika mbali upesi, lakini si rahisi kujua ilitoka kinywani mwa nani. Nimepata kumwona mtu akiivua dashibodi nzima, akitafuta mgongano ambao kumbe ulikuwa ukitoka kwenye mlango wa nyuma wa bodi, uliokuwa umekwisha vipira vyake. Wakati haudanganyi hivyo. Mlio unaosikika gari likiwa limesimama hauwezi kuwa wa tairi. Na kishindo kinachokuja pale tu mguu unapoachia klachi, kisha kikanyamaza hata mwisho wa safari, hakiwezi kuwa cha beringi ya gurudumu.

Chukua daftari la shule na kalamu ya risasi, umpe anayekaa kando yako, kwa sababu dereva hana mkono wa tatu. Aandike injini ilikuwa ya moto au ya baridi, gari lilikuwa tupu au limepakia, mwendo ulikuwa kilomita ngapi, gia ya ngapi, mguu ulikuwa juu ya mafuta au umeondolewa, na njia ilikuwa imenyooka au inapinda kulia. Pikapu tupu na pikapu yenye magunia kumi ya viazi ni magari mawili mbalimbali, kwa maana mzigo huzilaza springi za nyuma, na zikilala, pembe ya propela, ile shafti ndefu ipelekayo nguvu za injini nyuma, hubadilika. Mtetemo unaotoweka kwa mzigo, au unaozuka kwa mzigo, umekwisha kukutajia nusu ya jina lake.

Hesabu kidogo itafaa hapa, na asiyependa hesabu anivumilie. Tairi la pikapu ya kawaida, likizunguka mara moja, hukata ardhi kadiri ya mita 2.1. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, basi gurudumu huzunguka mara 10 na nusu hivi katika sekunde moja. Propela, kwa kuwa difu huipunguza mizunguko yake kadiri ya mara nne kabla haijafika magurudumuni, huzunguka zaidi ya mara 40 katika sekunde hiyo hiyo. Na sikio la binadamu huanza kukipokea kitu kuwa ni sauti kinapotetema mara 20 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo mwili huhisi, sikio halisikii. Ndiyo maana gurudumu lililokosa mizani huhisiwa mikononi na kitini kama mtikiso, na haliimbi. Ilhali propela iliyokosa mizani huvuma, ikatia uzito masikioni na ganzi nyayoni, na taswira katika kioo cha kutazamia nyuma ikawa kama imewekwa majini. Ukilijua hili tu, umekwisha kuligawa gari nusu kwa nusu bila ya kushika spana.

Uchunguzi wenyewe uanze gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na jiwe au kabari imewekwa kwenye gurudumu. Iache injini ipate moto, kisha uipandishe taratibu hata mizunguko 2,500 kwa dakika. Mlio ukija hapo, shauri ni la upande wa injini, na washukiwa hawazidi wachache: vipira vinavyoikalisha injini juu ya fremu, bomba la eksozi linalogusa mahali lisipopaswa kugusa, bati la kukinga joto lililolegea, au mkanda wa feni. Kisha kanyaga klachi. Mlio ukianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Mlio ukikoma unapokanyaga na kurudi unapoachia, gia ikiwa huru, basi anayelalamika ni beringi ya shafti iingiayo katika gia boksi. Jaribio hili halichukui hata dakika moja wala halina gharama yoyote, na hata hivyo nimewajua watu walioshusha gia boksi nzima kabla ya kulifanya.

Kuhusu mkanda, neno moja. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake zina umande, na mkanda uliochoka hupiga yowe wakati huo, kisha ukanyamaza jua likipanda. Nyunyiza maji kidogo juu yake kwa chupa, ukisimama mbali, mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Yowe likizidi, mkanda umelegea. Likinyamaza kitambo kisha likarudi, puli hazikukaa katika mstari mmoja, na kuukaza mkanda zaidi hakutakuletea ila kuziua beringi za puli hizo.

Kama gari likisimama hunyamaza, basi toka nalo barabarani. Utafute mwendo ambao mtetemo unazuka, tuseme kilomita 60, uupite kwa gia ya nne, kisha urudi uupite kwa gia ya tatu. Injini imebadilisha mizunguko yake, magurudumu na propela havikubadilisha. Mtetemo ukibaki pale pale kwenye 60, iondoe injini katika daftari la washukiwa. Ukihama, iandike juu kabisa. Wako wanaolifanya jaribio hili kwa kuweka gia huru na kuliacha gari liserereke, na ni jaribio zuri, mradi njia iwe tambarare na tupu, na injini isizimwe, kwa sababu injini ikizimwa breki na usukani huwa vizito ghafula. Mteremko si mahali pake hata kidogo. Miteremko ya Salgaa na Sachang'wan iko karibu nasi, na sote tunajua ni malori mangapi yaliyoshuka kule gia ikiwa huru kwa tamaa ya kuokoa mafuta.

Sasa niitoe habari yangu. Mwaka fulani wa masika mazito nilikuwa nikileta viazi kutoka mashamba yaliyo juu ya Molo, mahali ambapo matope hayapitwi ila hulimwa. Siku ya tatu baada ya mvua kukatika, pikapu ilianza kutetemeka tokea kilomita 65, kiti kikicheza na usukani ukiwa umetulia. Niliipeleka gereji moja, ambayo sitaitaja, nikasema yale maneno mawili. Walibadilisha shokomzoba mbili za nyuma. Nikatoka, nikarudi. Wakabadilisha beringi ya gurudumu la nyuma upande wa kulia. Nikatoka, nikarudi. Safari ya tatu waliniambia kwamba propela imepinda na kwamba inafaa niagize nyingine Nairobi, na bei waliyoitaja ilinifanya niombe maji ya kunywa.

Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yangu nikiwaza nitaikopa wapi fedha hiyo, akapita jirani mmoja wa makamo ya baba yangu, aliyemaliza ujana wake chini ya Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na ambalo wazee wa hapa hawajakubali mpaka leo kwamba limepata mrithi. Alinisalimu, akauliza mbona uso umekunjamana. Nikamweleza.

"Lilianza lini?"

"Wiki hii ya pili, mzee."

"Sikuulizi wiki. Siku hiyo gari lilitoka wapi?"

"Molo."

"Na siku uliyotoka Molo, lilitetemeka?"

Nilifikiri. Siku ile halikutetemeka. Njia ilikuwa na utelezi nami nilikwenda polepole mpaka nyumbani, kisha gari likalala siku mbili juani. Mzee hakuniuliza tena. Alichuchumaa nyuma ya gurudumu la kulia, akatia mkono upande wa ndani wa rimu, upande ule ambao mwosha magari haufikii, akaomba bisibisi. Alichokibandua kilikuwa kipande cha tope kilichokauka, kimechukua umbo la rimu, kinene kama mkate wa sinia na kizito kuliko nilivyodhani. Kilianguka chini, kikapasuka vipande viwili. Alifanya vivyo hivyo upande wa kushoto, ambako kilikuwako kingine kidogo. Akafuta mkono wake kwenye nyasi, akaenda zake msikitini. Pikapu ile haikutetemeka tena, na shokomzoba zangu mpya zilikuwa nzuri sana.

Siisimulii habari hii kwa kuwacheka mafundi. Mizani ya gurudumu huharibiwa na gramu chache tu. Vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu aghalabu haviwi vizito kuliko funguo za nyumba, na mimi nilikuwa nikizungusha udongo wa Molo mara kumi kwa sekunde. Kila aendaye shambani masika, kabla hajatoa shilingi kwa ajili ya mtetemo, achuchumae atazame ndani ya rimu zake. Na usukani ukicheza, aanze na magurudumu ya mbele. Kiti kikicheza, aanze na ya nyuma.

Propela nayo ina lugha yake. Mlio mwembamba kama wa ndege wadogo waliokaa chini ya gari, unaosikika zaidi unapokwenda mwendo wa mtu kwa miguu kando ya ukuta, ni wa ule msalaba wa chuma ulio katika kiungo cha propela, grisi yake imekauka. Ukipuuzwa, ndege hao hugeuka nyundo: kishindo kimoja unapoachia klachi, kingine unapoondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ndefu zina propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati iliyoshikwa na mpira, na mpira huo ukioza, gari hutikisika wakati wa kung'oa nanga, likiwa na mzigo hasa, kisha likatulia. Hapa nina usia mmoja ambao nauona kuwa na thamani kuliko yote: kabla propela haijafunguliwa, fundi atie alama ya rangi au patasi katika viungo vyote, ili kila kipande kirudi katika mkao wake ule ule. Kikirudi kimegeuzwa, misalaba haifutiani tena mtikiso wake, na utatoka gereji na maradhi usiyoingia nayo.

Mvumo ndio unaowapotosha watu zaidi, kwa sababu tairi lililolika vibaya na beringi iliyochakaa huvuma kwa sauti za kufanana. Tairi hubadilisha sauti njia inapobadilika. Litoke kwenye lami kuukuu liingie kwenye lami mpya, utalisikia likishusha sauti. Beringi haijali lami. Yenyewe hujali mzigo: ukipinda kulia kwa mwendo wa kadiri, uzito huenda kushoto, na beringi ya kushoto ikiwa mbovu huzidisha kilio, kisha ukipinda kushoto hupumua. Difu kwa upande wake hujali mguu wa dereva, ikilia unapokanyaga mafuta na kubadili sauti unapoachia. Ikilia hivyo, jambo la kwanza ni kutazama mafuta yake, nalo halihitaji fundi mkubwa.

Sasa niseme juu ya vumbi, kwa kuwa sisi tu watu wa vumbi. Jirani zetu wanaishi mtaa wa Kivumbini, na jina la Nakuru lenyewe husemwa kwamba asili yake ni neno la Kimaasai lenye maana hiyo hiyo. Vumbi hili la volkano ya Menengai, jepesi na la kijivu, huingia katika kila bushi na kuila. Lakini kwa mtafutaji ni shahidi wa haki. Endesha gari wiki moja bila ya kuliosha chini, kisha ulale chini yake na tochi. Kila kitu kimevikwa kijivu isipokuwa mahali ambapo chuma kinasugua chuma, nako huwa kunang'aa kama sarafu. Mahali ambapo bolti imelegea, kandokando yake utaona unga mwembamba mwekundu wa kutu, kwa maana chuma kinachochezacheza hujisaga. Yu-bolti za springi ndizo zinazopenda kuutoa unga huo, na pini za springi hufuata. Mahali panapovuja, vumbi limekuwa tope jeusi. Gari lililooshwa vizuri kabla ya kwenda kwa fundi limefutiwa ushahidi wote, na ni ajabu jinsi tunavyolifanya hilo kwa adabu.

Kwa milio ya injini, mpira wa maji wa urefu wa mita moja hutosha. Upande mmoja sikioni, upande mwingine ukipitishwa taratibu karibu na kila kitu, mbali na feni na mikanda, na utashangaa jinsi mlio uliokuwa umejaa boneti nzima unavyokaa katika pampu moja ya maji. Shuka ya kiunoni, mtandio, tai na mikono mirefu ya kanzu visikaribie hapo.

Iko milio midogo isiyostahili aya ndefu. Kijiwe kilichokwama baina ya diski ya breki na bati lake hupiga kelele za kutisha kuliko madhara yake, na kurudi nyuma mita chache mara nyingi hukiangusha. Jeki iliyofunguka nyuma ya kiti, spana chini ya zulia, chupa mlangoni: ondoa vyote kabla hujaanza, maana nimeona aibu ya mtu mzima aliyelipia bushi sita kwa sababu ya chupa ya soda.

Ukienda kwa fundi, usimwachie ufunguo ukaondoka. Mpakie, akae kando yako, uutoe mlio mbele yake mara tatu kwa masharti yaliyoandikwa daftarini. Fundi mwema atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Atakayekasirika amekwisha kujieleza. Umwombe abadilishe kitu kimoja, mtoke tena barabarani, ndipo muamue kingine. Akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mlio ukakoma, hamtajua kamwe ni kipi kilichokuwa kibovu, na mwezi ujao mtaanza upya kwa gharama mpya. Kile kilichotolewa ukidai ukitie katika gunia. Ni mali yako, na kwa kukishika mkononi utajifunza ubovu unavyofanana.

Na yeyote atakayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila ya stendi au magogo imara chini ya fremu, na bila ya kabari magurudumuni, simjui na makala haya hayakuandikwa kwa ajili yake.

Yote niliyoyasema hata sasa yanakubali subira. Unaweza kusikiliza wiki, ukaandika, ukarudi kusikiliza. Moja halikubali. Mgongano mzito, wa taratibu, unaotoka kwenye gurudumu moja na kwenda sambamba na mwendo, hasa siku moja au mbili baada ya gurudumu hilo kufunguliwa kwa panchari, ni wa nati zilizolegea. Usiufikishe nyumbani, wala kituo cha mafuta kilicho mbele. Weka gari kando hapo hapo, toa wili spana, uzikaze zote kwa kuvukana, na baada ya kilomita 50 usimame uzikaze tena.